Ijumaa ya mufti, na taarifa zinazotufikia kutoka shuleni

Mwaka wetu wa kwanza hapa Leicester, Uingereza, jarida la shule ya msingi anayosoma mwanangu lilitangaza kwamba Ijumaa inayofuata ingekuwa siku ya mufti, na kwamba kila mtoto aje na pauni moja. Mimi nimelelewa Morogoro, katika nyumba ambamo watu wote walinyamaza redio ilipomtaja Mufti, kiongozi mkuu wa Waislamu nchini, usiku wa kuandama kwa mwezi, kwa hiyo sikuona sababu ya kuuliza. Mji huu una misikiti mingi, nikasema kumbe na shule zao zina adabu ya kualika wanazuoni. Usiku ule nilipiga pasi sare hadi ikasimama yenyewe, mama yake akamfundisha upya namna ya kumwamkia mtu mzima, na kofia ya viua tukaitia ndani ya mkoba. Asubuhi tulipofika langoni tukakuta watoto wamevaa jezi, suruali za jinzi na magauni ya sherehe. Kwa Waingereza mufti ni nguo za kiraia, neno walilolibeba kutoka katika jeshi lao la enzi za ukoloni wa India, na mwanangu akawa mtoto peke yake aliyekuja na sare katika siku ya kutovaa sare.

Huwa nakisimulia kisa hiki kwenye shughuli zetu, na watu hucheka mpaka chai inawapalia. Lakini kila nikikisimulia najikuta nikiitetea shule, kwa kuwa tangazo lile lilinifikia siku saba kabla, kwa maandishi, likiwa na tarehe, siku na kiasi cha fedha. Kosa lilikuwa langu na la kamusi yangu. Shule ilikuwa imetimiza wajibu wake.

Wenzangu wengi tuliohamia huku hawakubaliani nami. Wanasema shule za Uingereza zinawafanya wazazi kuwa watoto, kwamba hakuna jambo dogo lisiloandikiwa waraka. Kweli, ukilisoma jarida la Ijumaa kwa mara ya kwanza unaweza kushangaa: masweta yasiyo na majina yamejaa kwenye kikapu cha vitu vilivyopotea, magari yasiegeshwe mbele ya lango, chawa wameonekana katika darasa moja, tafadhali chaneni nywele za watoto, mtoto aliyetapika au kuharisha abaki nyumbani mpaka zitimie saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho, karanga zisiwekwe katika chakula kwa sababu yuko mtoto mwenye mzio, fomu ya chanjo ya mafua, ile inayopulizwa puani, irudishwe kabla ya Jumatano. Zile siku tano za mwaka ambazo walimu huwa mafunzoni na watoto hubaki nyumbani, sisi tulipewa tarehe zake tangu Septemba. Mimi nafanya kazi za zamu katika ghala, na zamu zangu hupangwa wiki nne mbele. Mtu wa namna yangu akiambiwa leo kwamba kesho hakuna shule, ama atapoteza ujira wa siku ama atamwacha mtoto kwa mtu asiyemjua vizuri. Kwa hiyo wanaponiambia kwamba jarida lile ni kero, nawauliza ni kero kwa nani.

Dada yangu ana watoto wawili katika shule ya msingi ya serikali huko nyumbani Tanzania, na taarifa za shule humfikia kwa njia ileile zilizomfikia mama yetu: mwalimu wa zamu anatangaza mstarini, mtoto anabeba maneno kichwani, anacheza njiani, anapigana, anapatana, na ikifika saa mbili usiku, wakati duka la mangi linakaribia kufungwa, ndipo anapokumbuka. Mama, mwalimu amesema kesho twende na ufagio. Mama, kesho kila mtu na kidumu cha maji. Mama, kesho hela ya karatasi za mtihani, asiye nayo asije. Kila jambo ni kesho. Mzazi anayeishi kwa kipato cha siku hashindwi na shilingi mia tano kwa sababu ni nyingi. Anashindwa kwa sababu ameulizwa usiku, wakati fedha ya leo imeshageuka unga na mafuta ya kupikia.

Siku moja binti wa dada yangu alirudi na ujumbe mfupi kuliko wote: mwalimu amesema kesho tule. Dada akauliza, mle nini? Tule tu. Nyumbani kwake watoto hunywa chai kavu alfajiri na kula kiporo kikiwapo, na siku hiyo hakikuwapo. Kumbe ilikuwa siku ya kingatiba ya kichocho na minyoo, na vidonge vya kichocho vikikuta tumbo tupu humletea mtoto kichefuchefu na kizunguzungu. Mtoto akatapika mbele ya darasa, akachekwa, na mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba shuleni wanawapa watoto dawa mbaya. Wapo wazazi waliowaficha watoto wao duru iliyofuata. Dawa haikuwa na kosa, na mwalimu alilisema lililo la lazima. Kilichopotea njiani ni ile sababu, kwa kuwa mtoto wa darasa la pili hubeba amri na huiacha sababu yake hapohapo mstarini.

Najua majibu nitakayopewa. Mwalimu wa huko ana watoto wengi kuliko madawati, na ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo nayo haifiki shuleni yote kama fedha kwa sababu sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Atapata wapi karatasi za kuwaandikia wazazi mia saba kila Ijumaa? Nakubali, hawezi, na wala simwombi. Ninachosema ni kwamba karatasi moja ya manila, ikiandikwa kwa kalamu ya wino mzito mwanzoni mwa muhula na kubandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, ingebeba tarehe zote ambazo shule inazijua tangu mapema: kufunga na kufungua, mitihani ya majaribio, siku ya kingatiba, kikao cha wazazi, na siku za usafi zinazohitaji mafagio. Na shule huzijua tarehe hizo, kwa kuwa halmashauri haiwatumii walimu vidonge kwa kushtukiza. Michango nayo isingezungumzwa usiku. Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016 tulidhani yale ya “asiye nayo asije” yamekwisha, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni kwa ukali tunaoukumbuka. Lakini kitu kinachoombwa kwa mdomo wa mtoto hakiachi maandishi, na kisichoacha maandishi ni vigumu kukihoji. Hapo nakiri kwamba nina shaka: pengine baadhi ya taarifa hubaki za mdomo kwa makusudi.

Siku hizi yako makundi ya WhatsApp, na wapo wanaoamini kwamba ndiyo dawa. Dada yangu ana kitochi. Hata wenye simu kubwa wananiambia kwamba tangazo la mwalimu huja asubuhi, na likifika adhuhuri limezikwa chini ya salamu za Ijumaa njema, picha za maua na mtu anayeuza vitenge. Ukitaka tarehe ya mtihani unaifukua.

Nisije nikaonekana nimelewa maji ya huku. Shule hii inayonipa tarehe haijawahi kuniuliza neno. Kila waraka wake humalizika kwa kunitaka nisiijibu anwani hiyo. Mwanangu alipopata tetekuwanga alibaki nyumbani mpaka vipele vyote vilipokauka, kama maelekezo yao wenyewe yanavyotaka, na nilitoa taarifa kila asubuhi. Baada ya wiki mbili nikapokea barua ya kunijulisha kwamba mahudhurio yake yameshuka na kunikumbusha kuhusu faini. Faini hizo si mchezo: tangu Agosti 2024, mtoto akikosa nusu siku kumi bila ruhusa ndani ya wiki kumi za shule, kila mzazi anaweza kutozwa pauni 80 akilipa ndani ya siku 21, au pauni 160 akichelewa hadi siku 28. Mimi sikuwa na kosa, na sikutozwa, lakini barua ile haikuandikwa na mtu. Nilipokwenda ofisini, karani, mama mpole sana, aliniambia kwamba mfumo huzituma wenyewe.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye Kiswahili chake na changu hukutana katikati ya njia. Jioni za Ijumaa hugonga mlango akiwa ameshika simu, ananiita Papa Salimu, na kuniomba nimsomee. “Masomo iko wazi ao hapana?” huuliza, yaani shule itakuwapo au la, kwa sababu hicho ndicho anachokihitaji katika kurasa nne. Tunakaa jikoni, ninamsomea, na yeye anaandika tarehe kwenye kalenda ya duka la nyama kwa herufi kubwa. Shule inaamini kwamba imemjulisha. Kwa hakika imemjulisha mlango wangu.

Na kuna jambo ambalo dada yangu analo na mimi sina. Kikao chao cha wazazi hupangwa kuanza saa tatu na huanza saa tano, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa kamati ya shule huongea kupita kiasi; lakini mwaka jana, pale walipojadili kilo ngapi za mahindi na maharage zitolewe kwa kila mtoto ili wapate chakula cha mchana, mwanamke mmoja anayeuza mihogo alisimama akasema kiwango kile ni cha watu wenye mashamba, na kikapunguzwa palepale. Huku wapo wazazi wanaochaguliwa kuingia katika bodi ya shule, na ni jambo jema, ila sisi wengine tunakutana na mwalimu kwa dakika kumi, saa ikiwa mezani, na shule ilipobadilisha masharti ya vyakula vya kubeba tulijulishwa Ijumaa kama tunavyojulishwa habari za chawa.

Kwa hiyo, kati ya vyote nilivyoviona huku, sikumshauri dada yangu adai jarida wala programu ya simu. Nilimwambia aende na neno moja tu kwenye kikao, kwa kuwa kikao anacho: tarehe ziandikwe mapema, zibandikwe pale mzazi anapopita. Alisita, akasema wataniona najifanya nina kaka Ulaya. Alikwenda. Walibishana kuhusu nani atanunua manila, na mama muuza mihogo akaitoa.

Juzi kijana wake mkubwa alinipigia picha kwa simu ya jirani na kunitumia. Mwandiko ni wa mwalimu, ule wa ubaoni, wenye mikia mirefu. Tarehe moja imefutwa na kuandikwa upya, na pembe ya karatasi imeanza kuchanika kwa upepo. Kwenye mstari wa siku ya kingatiba, mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu: Waje wameshiba, dawa hii haitaki tumbo tupu.