Tupunguze Uhuru wa Nani?

Ukianza mjadala wa usawa na uhuru, hukosi kuambiwa kwamba ukitaka kimoja lazima ukipunguze kingine. Sikatai. Anayetozwa kodi ili mtoto wa mwenzake asome amepunguziwa uhuru wa kutumia fedha zake. Lakini anayepunguziwa ni nani? Hilo ndilo swali linalorukwa, na sisi Watanzania tuna historia ya kulijibu.

Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, Februari 1967, liliwabana wakubwa. Kiongozi wa chama au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo, yaani miiko ya uongozi, yalimhusu pia mke au mume wake, maana wakubwa wa mahali popote wanajua kuandikisha mali kwa jina la mwenza. Ni masharti makali, lakini hakuna aliyelazimishwa kuwa kiongozi. Aliyependa biashara yake kuliko cheo aliweza kuacha cheo.

Mkulima hakupewa mlango huo wa kutokea. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Novemba 1973 yeye huyohuyo akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Katika Operesheni Vijiji watu walipakiwa kwenye malori na vyombo vyao, na kuna mahali ambapo nyumba zao zilichomwa moto ili wasirudi. Kusini, mikorosho iliachwa mbali na makazi mapya, palizi ikawashinda wenyewe, magugu yakatanda. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 haikufikisha hata tani 40,000 kwa msimu. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, ila mkorosho usiofikiwa hauvunwi.

Wapo wanaonijibu kwamba bila amri ile shule na zahanati zisingewafikia wengi. Kwamba huduma zilifika ni kweli, na sizibezi. Bado hazinishawishi, kwa sababu ya Litowa. Huko Songea, kabla hata ya Azimio, vijana walianzisha kijiji chao kwa hiari yao wenyewe: wakalima pamoja, wakagawana mavuno, wakapanga mambo yao katika mikutano yao. Vijiji vingine vikawafuata, vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Ujamaa wenyewe ndio huo! Mwaka 1969 TANU ikakipiga marufuku. Kosa lao, kwa ninavyoelewa mimi, ni kujiamulia bila kumngoja bwana mkubwa wa mkoa. Usawa ulioota wenyewe ulikatwa, kisha tukaja kuambiwa kwamba wakulima hawaupati bila kusukumwa.

Kinachonikera zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilipokutana Zanzibar, miiko ile ya uongozi ililegezwa: ruksa hisa, ruksa nyumba za kupangisha, ruksa zaidi ya mshahara mmoja. Mlegezo huo ulikuja mwaka mmoja kabla ya vyama vingi, kana kwamba demokrasia ilihitaji kwanza viongozi waachiwe kuchuma. Naona ilipaswa kuwa kinyume. Palipo na ushindani wa kura, kiongozi mwenye fedha nyingi anasikika kuliko wapiga kura elfu moja, na uhuru wao unabaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo anayeniuliza naegemea upande gani, naegemea miiko. Sheria ya maadili ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake, nami nasema kutamka hakutoshi. Anayeamua zabuni asimiliki hisa katika kampuni inayoiomba, wala mwenza wake asimiliki. Daftari la mali lifunguliwe kwa mwananchi yeyote anayetaka kulisoma, bila kuulizwa analitakia nini. Na mkulima aachwe achague pa kujenga.