"numpy<2" si ushirikiano

Kuna ushauri ambao bado unazunguka: programu ya kisayansi ikigoma, andika `pip install "numpy<2"`, mambo yaishe; yaani baki na toleo lililo chini ya 2 la NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za namba. NumPy 2.0 ilitoka tarehe 16 Juni 2024! Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi anayetoa ushauri huo ndiye mtunzaji wa maktaba inayogoma.

Sawa, kikomo hicho kina wakati wake. Maktaba yenye sehemu za C zilizokompailiwa kwa NumPy 1.x haiendi na 2.0, na inabidi watumiaji wakingwe mpaka kifurushi kipya kitoke. Lakini hiyo ni dawa ya wiki chache. Mradi mmoja ukidai `numpy<2` na mwingine `numpy>=2`, mtafiti anayehitaji yote miwili amekwama. Tena pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inaweza kurudi kinyemela hadi toleo la zamani la maktaba yako, la kabla hujaandika kikomo, na hilo ndilo litakaloanguka.

Kuhama kwenyewe si kazi ya kutisha. Ukikompaili kwa 2.0, kifurushi hichohicho kinafanya kazi hata na matoleo ya karibuni ya 1.x. Majina yaliyoondolewa, kama `np.float_` na `np.NaN`, Ruff, chombo cha kukagua msimbo, inayasahihisha kwa kanuni ya NPY201.

Hatari iko kwenye kosa lisilopiga kelele. Chukua `np.float32(60) + 1718496000.0`, yaani sekunde 60 juu ya muda uliohesabiwa tangu 1970. Zamani jibu lilikuwa float64 (namba ya desimali ya biti 64), sahihi kabisa. Kwa 2.0 linabaki float32 (ya biti 32, yenye usahihi mdogo zaidi), na kwenye ukubwa huo float32 inaruka sekunde 128 kwa hatua moja. Umeongeza dakika nzima na saa haijasogea! Hakuna onyo wala hitilafu, na jedwali linakwenda kuchapishwa hivyo.

Kosa la namna hii hunaswa kabla ya toleo kutoka, na njia ipo. Miradi ya Python ya kisayansi ilikubaliana, katika pendekezo la SPEC 4, kuweka vifurushi vya matoleo yajayo mahali pamoja. Weka jaribio la kila wiki linalosakinisha kutoka huko:

`pip install --pre --upgrade --extra-index-url https://pypi.anaconda.org/scientific-python-nightly-wheels/simple numpy scipy`

Kisha endesha majaribio kwa `pytest -W error::DeprecationWarning`, ili kila onyo la kitu kinachokaribia kuondolewa lihesabiwe kosa. Jaribio hili lisizuie michango ya kawaida, ila likifeli lifungue tiketi (ripoti ya tatizo) lenyewe, maana alama nyekundu isiyo na mwenyewe huzoeleka. Majaribio yako yakague na aina ya namba, `assert y.dtype == np.float64`, la sivyo mfano ule wa saa utapita.

Likifeli, usikimbilie kuweka kiraka kwako. Andika toleo lijalo (lenye `dev` kwenye namba yake) lililoleta shida, punguza msimbo mpaka ibaki mistari kumi isiyo na maktaba yako ndani yake, upeleke kwa mradi husika. Hiyo mistari kumi ndiyo ushirikiano wenyewe.

Fedha za watunzaji ni kilio kingine, na ni cha haki. Ila tiketi hiyo ya mistari kumi ifunguliwe kwa mradi husika wiki hiyohiyo. NumPy 2.0 ilikaa kwenye toleo la majaribio tangu Machi hadi Juni 2024, na kubadilisha tabia katika kipindi hicho ni rahisi. Toleo kamili likishatoka, kuna watu ambao wameshaanza kuitegemea.