Kiunzi cha gegedu: laini au kigumu?

Mwaka 1743 daktari William Hunter aliandika kwamba gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, likishaharibika halirudi. Kauli yake bado inasumbua vichwa. Gegedu la kwenye kiungo halina mishipa ya damu, na seli zake chache zimefungiwa kila moja kwenye kichumba chake, haziwezi kuhama kwenda kuziba shimo. Ndipo mwaka 1994 Mats Brittberg na wenzake wa Sweden wakaripoti kwamba wamechukua seli za wagonjwa 23, wakazizalisha maabara na kuzirudisha gotini, zikiwa zimefunikwa kwa utando uliobanduliwa kwenye mfupa. Mabishano yaliyobaki ni haya: seli hizo zishikwe na kiunzi gani, yaani kitu gani cha kuzibeba ndani ya kidonda?

Wapo wanaotaka vitu vya asili: kolajeni (protini inayojenga tishu za mwili), asidi ya hialuroniki, alijineti ya mwani. Hoja yao kubwa inaonekana kwa hadubini. Seli za gegedu zikikuzwa juu ya plastiki bapa hujinyoosha, zikafanana na seli za kovu, na badala ya kolajeni ya aina ya II, ambayo ndiyo uti wa gegedu, huanza kutoa ya aina ya I. Mwaka 1982 Benya na Shaffer walizichukua seli zilizogeuka hivyo wakazitia ndani ya jeli ya agarosi. Zikarudi kuwa duara, na aina ya II ikaanza kutoka tena! Kwangu hilo ni jambo la ajabu: kuzungukwa na kitu laini kila upande kuliikumbusha seli kazi yake.

Upande wa pili, wa wanaotaka polima za viwandani, yaani plastiki zinazoyeyuka mwilini, nao haubishi bure. Goti hubeba uzito wa mwili mara kadhaa mtu akipanda ngazi, na jeli iliyojazwa kwenye kidonda chenye kina cha milimita 2 au 3 inaweza kubonyea au kung'oka. Polima hizo hufumwa kwa vipimo na kuhimili mzigo. Ila polima iitwayo PLGA ikiyeyuka huacha asidi ya laktiki na ya glikoliki, na pasipo damu ya kuzisomba, uchachu huweza kukaa pale pale zilipo seli. Nyingine, PCL, huyeyuka polepole mno, hata zaidi ya miaka 2.

Mimi naegemea vitu vya asili. Udhaifu wa kiunzi unafidiwa kwa magongo na mazoezi ya kuongeza mzigo kidogo kidogo; seli iliyogeuka kuwa ya kovu haifidiwi hivyo.

Hata hivyo, kuna matokeo yanayonizuia kushangilia. Utando wa kolajeni ya nguruwe uliopandwa seli, MACI, uliidhinishwa Marekani Desemba 2016. (Wapo ambao nguruwe ni kikwazo cha imani, wana haki ya kuambiwa mapema.) Ulilinganishwa na njia ya kutoboa mfupa chini ya kidonda, kwa wagonjwa 144. Baada ya miaka 2 waliowekewa utando walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu na utendaji wa goti. Lakini tishu yenyewe, kwa hadubini na kwa picha za MRI, haikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Nafuu hiyo ni ya kweli na siidharau. Ila kama haikutokana na tishu bora, ilitoka wapi? Majaribio yanayolinganisha viunzi yapime kolajeni ya aina ya II ndani ya goti lenyewe, tena miaka mingi baada ya upasuaji, pamoja na kumuuliza mgonjwa anaumwa kiasi gani.