Kisu cha stenlesi: tusikimbilie namba ya ugumu tu

Siku hizi mtu akitaka kisu cha kukunja swali la kwanza ni "Rokwel ngapi?", yani ule ugumu wa chuma, kana kwamba namba ikipanda basi umemaliza. Victorinox, kile kisu cha Uswisi, iko kama 56, Opinel ya Ufaransa ya stenlesi 57 au 58, alafu kuna hii MagnaCut, aina ya chuma cha stenlesi iliyotoka 2021, inafika mpaka 62, 64 hivi.

Sasa wanaopenda namba kubwa hawajakosea, chuma laini makali yake yanalala upande haraka, na ukiwa pale Kikuubo, kwenye maduka ya jumla Kampala, unafungua maboksi toka asubuhi kadibodi inakula makali vibaya sana, mpaka saa nane Victorinox yako inararua badala ya kukata. Chuma kilichochanganywa na vanadiamu (metali) kina chembe ngumu ndani zinazostahimili huo msuguano.

Lakini chembe hizohizo ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea! Utasugua mpaka mkono uanze kuuma. Ukichoka unampelekea fundi mwenye gurudumu, naye asipokuwa makini anapasha kisu joto, ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu ujue pale chuma kimeshalegea, ile 62 uliyolipia haipo tena. Ya 56 unainoa kwenye kitako cha kikombe cha udongo na inarudi.

Upande wa kutu ndo watu wanachanganya zaidi. Kinachozuia kutu ni kromiamu, metali inayochanganywa kwenye chuma, ila lazima iwe huru, na kaboni inayoleta ugumu inaikamata. Ndo maana chuma kinachoitwa 440C kina kromiamu asilimia 17 hivi na bado kinaweza kuota madoa, wakati MagnaCut ina 11 kasoro tu na inakishinda, sababu kaboni yake imeshikwa na vanadiamu na niobiamu (metali nyingine), kromiamu karibu yote imebaki huru. Kuna na chuma cha H1 cha Japani, wao walipunguza kaboni sana wakaweka naitrojeni, hata maji ya bahari haiogopi ila makali ya kawaida (yasiyo na meno) hayakai sana.

Na sisi bahari tunaitoa wapi? Mvuvi wa Katosi, kule Ziwa Viktoria, yuko kwenye maji yasiyo na chumvi. Adui wa kisu huku ni utomvu wa matoke na ndimu, na kwa hivyo kromiamu asilimia 13 inatosha kabisa kama unafuta kisu kabla hujakikunja (pale kwenye bawaba ndo kutu huanzia, hapaonekani).

Kingine, unene. Ubapa mwembamba wa 56 unapita kwenye nyanya vizuri kuliko bonge la 62, hilo wauzaji hawakwambii.

Mimi kwa jikoni na shamba nachukua laini na nyembamba bila kufikiria mara mbili. Wa maboksi achukue ngumu, ila kwenye bajeti aweke na kibao cha almasi cha kunolea.