Saa Saba na Dakika Kumi na Mbili

Simu yangu imeniambia asubuhi ya leo kwamba kutoka Ubungo hadi katikati ya jiji la Dodoma ni mwendo wa saa saba na dakika kumi na mbili. Saa saba sina ugomvi nazo. Kinachonikera ni hizo dakika kumi na mbili. Anayethubutu kukutajia dakika kumi na mbili katika barabara ya kilomita zipatazo 450 hajawahi kukaa nyuma ya lori la makontena linalopanda mlima kwa kujifikiria, hajawahi kukuta foleni ya mizani ya Vigwaza imemwagikia barabarani, na kwa hakika hajawahi kusafiri na baba mkubwa wangu, ambaye kibofu chake kina ratiba inayojitegemea.

Ninauliza habari za saa kwa sababu Jumamosi hii ukoo umeniteua kuongoza ujumbe wa watu wanne kupeleka posa ya mpwa wangu. Wakwe watarajiwa wanaishi Nzuguni, na wametutaka tufike saa tisa kamili alasiri. Hilo neno kamili walilitamka mara mbili kwenye simu, kwa sauti ya watu wanaojua kwamba tunatoka Dar es Salaam. Kulala Dodoma Ijumaa kulijadiliwa kikaoni na kukataliwa mara tu bei ya vyumba ilipotajwa, maana Bunge linakaa na kila kitanda kina mheshimiwa au dereva wake. Kwa hiyo ni safari ya siku moja: tunaondoka alfajiri, tunaposa, tunakula tutakachopewa, tunarudi.

Wapo wanaoniuliza, na huuliza kwa upole unaoudhi, kwa nini tusipande treni ya umeme, ambayo tangu Julai 2024 inafika Dodoma kabla saa nne hazijatimia. Swali hilo nimelifikisha kwa baba mkubwa. Amejibu kwamba posa haipelekwi kwa treni, kwa kuwa wakwe hawawezi kuiona treni ikiwa imeegeshwa uani kwao. Anataka waone gari. Gari lenyewe ni Toyota IST yangu, ambayo bampa yake ya mbele imefungwa kwa waya, na nimeagizwa niiegeshe kwa kuipa nyumba mgongo.

Basi nikakaa na karatasi nikapanga. Kuondoka saa kumi alfajiri. Kutoka Kimara hadi Kibaha, zile kilomita 19.2 zilizopanuliwa kuwa njia nane, mtu anajisikia mtawala wa dunia, kisha mbele ya Kibaha njia zinarudi kuwa mbili na dunia inakuwa na watawala wengine, wengi wao wakiwa na matairi kumi na nane. Chalinze saa kumi na mbili. Morogoro saa mbili kasoro, na hapo Msamvu malori ya Zambia yanatuaga yakichukua njia ya Iringa, huku ya Rwanda na Burundi yakiendelea kutusindikiza. Dumila, Gairo, Kibaigwa, kisha Dodoma kabla ya adhuhuri, tukiwa na muda wa kunawa, kubadili mashati na kufanana na watu wa heshima. Niliutazama mpango huo nikaupenda.

Shemeji alipoupitia alicheka, akasema yeye aliwahi kufika kwa saa tano. Wakati wa Idi zilikuwa tano na nusu, na nina hakika kabla ya Krismasi zitakuwa nne. Shemeji hasemi alivipitaje vile vijiji vya kati ya Chalinze na Morogoro, ambako bango la 50 linakukabidhi kwa bango jingine la 50, na katikati yake unaruhusiwa kuingiza gia ya nne kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha unamwona askari mwenye tochi ya kupimia mwendo na unaitoa. Fundi naye alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akasema liko vizuri kabisa, halafu akaniandikia orodha ya vifaa vya kununua.

Hayo yote yalivumilika. Kisha jana jioni akaja shangazi.

Alikuja mikono mitupu, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu mtu mwenye kifurushi kidogo kweli huja nacho, na anayekuja bila kitu ameuacha mzigo nyumbani kwa kuwa haubebeki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akaomba chai isiyo na sukari, akaulizia afya ya kila mtu aliye hai na sababu ya kifo cha kila asiyekuwapo. Chai ilipofika nusu, akaweka kikombe chini.

"Nimesikia Jumamosi unakwenda Dodoma, baba."

"Tunakwenda na kurudi, shangazi. Ni ile posa tu."

"Mwenyezi Mungu awatangulie. Basi nina kakifurushi kadogo ka dada yako."

Dada yangu huyo, yaani binti yake, ni mtumishi wa umma aliyehamishwa pamoja na wizara yake. Serikali iliamua makao makuu yawe Dodoma mwaka 1973, ikaanza kuhama kwelikweli mwaka 2016, na katika miaka yote hiyo iliyozidi arobaini hakuna aliyekaa akaweka mpango wa nazi. Kwa shangazi hilo ni pengo kubwa katika utawala wa nchi. Anaamini kwamba binti yake amepelekwa mahali ambapo watu hupika wali kwa mafuta, na kwamba kila gari linaloelekea bara bila nazi limeshiriki katika dhuluma hiyo.

"Nazi ngapi, shangazi?"

"Chache."

"Chache kiasi gani?"

"Hamsini. Si zake peke yake, baba. Ana majirani."

Nilimweleza, kwa adabu na kwa takwimu, kwamba buti la gari langu lina tairi la akiba, jeki, mkoba wa posa, doti za khanga na vitenge, na suti ya baba mkubwa ambayo haitakiwi kukunjwa. Alinisikiliza kwa huruma. Akasema nazi hazihitaji buti, zinaweza kukaa chini ya miguu ya watu, na kwamba nazi ikishatulia haina uzito. Sikujua la kujibu, kwa maana sijawahi kuona popote sheria ya maumbile inayokanusha kauli hiyo kwa maneno yaleyale.

"Na papa kidogo," akaongeza.

Naomba msomaji asimame hapa nami. Papa mkavu. Katika IST. Madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu ambazo nitazieleza. Kwa saa saba na dakika kumi na mbili. Nilijikusanya, nikatumia sauti ileile niliyokuwa ninaifanyia mazoezi kwa ajili ya wakwe.

"Shangazi, sisi ni ujumbe wa posa. Tukishuka kwenye gari tunanukia papa, wakwe watatufikiriaje?"

"Watajua mnatoka pwani," alisema, akanywa chai.

Akaendelea kunitoa wasiwasi kwamba papa huyo atamfunga vizuri kwenye mifuko ya nailoni. Nikamkumbusha kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anayo akiba, tena mizito, ya zamani, siyo hii ya siku hizi. Kwa maana hiyo, pamoja na papa, nilikuwa ninaombwa kusafirisha na ushahidi.

Nikaona nibadili uwanja wa mapambano. Nikauliza dada anakaa wapi.

"Palepale mjini."

"Mtaa gani?"

"Msalato."

Sasa, Msalato iko njia ya kwenda Kondoa. Sisi tunaingia Dodoma kwa upande wa mashariki, na wakwe wako Nzuguni, ambako unafika kabla hujaliona hata jiji lenyewe. Kupeleka nazi Msalato ni kuwapita wakwe mlangoni, kulikata jiji lote, kutoka upande wa pili, kupakua, kusalimia, kukataa chakula, kulazimishwa chakula, kisha kurudi kwa wakwe mkiwa mmeshiba, jambo ambalo katika posa ni matusi. Nilimchorea ramani kwenye ile karatasi ya mpango. Aliitazama kwa makini, akaigeuza juu chini, akauliza, "Si mtakuwa na gari?"

Nilidhani tumefika mwisho. Kumbe nazi na papa walikuwa wametangulizwa ili kulainisha njia ya mjukuu.

"Na mtoto atapanda nanyi, anarudi shule hukohuko. Atakaa pale katikati nyuma. Mwembamba."

"Shangazi, gari limejaa."

"Gari lina viti vitano. Umeniambia mko wanne. Mimi sikusoma, baba, lakini hesabu hiyo ninaijua."

Kilio changu kilibaki kifuani. Nikauliza, kwa kuwa mtu mwenye viti vya kitambaa ana haki ya kuuliza, kama mtoto huyo hutapika safarini.

"Akila tu."

"Basi asile."

"Na akiwa na njaa."

Aliondoka saa mbili usiku, baada ya kunitajia ya kurudi nayo: zabibu, kwa kuwa nitakuwa nimefika zinakolimwa, mafuta ya alizeti lita ishirini, siyo yale ya dukani, na pale Kibaigwa, kwenye lile soko kubwa la nafaka, nikiona mahindi meupe yenye bei nzuri, gunia moja tu, kwa kuwa wakati wa kurudi nazi zitakuwa zimeshatoka na nafasi itakuwapo. Alikuwa amefikiria mbali kuliko mimi mwenye safari.

Nimeirudia karatasi. Nimeweka dakika za kupakia nazi, ambazo haziwezi kupakiwa usiku kwa sababu ya papa, ambaye hawezi kulala ndani ya gari. Nimeweka vituo vya mjukuu, vituo vya baba mkubwa, na nimejaribu kuvioanisha viwili hivyo, lakini mmoja huathiriwa na umbali na mwingine huathiriwa na chakula. Nimeongeza Msalato. Saa ya kuondoka imetoka kumi alfajiri ikaenda tisa usiku, kisha saba, na sasa, ili tufike Nzuguni saa tisa alasiri tukiwa safi na wenye njaa ya heshima, hesabu inanidai tuondoke Ijumaa, yaani tulale Dodoma, yaani tukodi vile vyumba ambavyo safari hii yote imebuniwa ili tuvikwepe.

Na mafuta! Bei mpya za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndiyo hiyo jana. Katika watu wote waliokanyaga kizingiti changu wiki hii wakiwa na salamu, vifurushi, watoto, dua na maoni kuhusu gia, sijamwona hata mmoja aliyefungua kinywa akatamka neno mafuta. Nilikaa pale mkabala na shangazi nikalitaja mwenyewe, kwa mzunguko, nikasema siku hizi mambo ya mafuta ni magumu. Akaniitikia kwamba ni kweli, ndiyo maana anataka ya alizeti. Jamani! Mimi si kampuni ya mizigo. Ningekuwa kampuni ya mizigo ningekuwa na stakabadhi, na mtu wa kumfokea, na bango ukutani linalosema hatupokei papa. Basi lina sehemu ya vifurushi, lina utingo, lina haya yote, na basi hilohilo linaondoka Mbezi kila siku ya Mungu, lakini hakuna shangazi anayependa kulipia kifurushi ilhali ana mtoto wa kaka yake mwenye IST.

Nimesema nitaeleza habari za madirisha. Baba mkubwa husafiri akiwa amevaa koti, kwa kuwa ndiye mzee wa ujumbe, na hataki upepo umguse masikio, kwa kuwa yaliwahi kumuuma baada ya safari ya Tanga. Kwa hiyo madirisha hufungwa. Kiyoyozi nacho hakitaki, anasema kinakausha koo la mtu atakayezungumza mbele ya wakwe. Mjomba, atakayekaa nyuma yake, ni mtu wa jasho. Nimependekeza dirisha la mjomba lifunguliwe upana wa vidole viwili, pendekezo ambalo limepelekwa kwenye kundi la familia kwenye simu na halijarudi, kwa sababu kundi limeshaingia kwenye suala la supu. Baba mkubwa anataka tunywe supu Morogoro, akisema posa haipelekwi na watu wanaotetemeka. Mjomba anataka tusubiri Dumila, ambako kuna mama mmoja anayemfahamu. Mtoto, kama tulivyoelezwa, hatakiwi kula wala kutokula. Nimeomba wajumbe wanne wapige kura ili nijue niandike saa ngapi. Mpaka sasa wamepiga kura watu kumi na wanne, na anayeipinga Morogoro kwa ukali kuliko wote, kwa sauti iliyorekodiwa, ndefu, yenye mifano, ni binamu yetu aliyeko Muscat.