"Mwachie Mungu" na mfano wa Janani Luwum

Mtu akionewa, kanisani hakukosi wa kumwambia "mwachie Mungu", na wanaosema hivyo maandiko wanayo kabisa, Warumi 12 kisasi ni cha Bwana, Warumi 13 tutii mamlaka, sasa ukiendelea kulalamika unaonekana imani yako ndogo. Mi naona hapo kuna ukweli ila haujakamilika, na Uganda ya Idi Amin inaonyesha vizuri.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 wanajeshi walivamia nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda, pale Namirembe, Kampala, eti wanatafuta silaha, wakapekua wee hawakupata kitu. Angeweza kuomba akanyamaza. Badala yake yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua na kusaini, wakamwambia bila kuzunguka kwamba bunduki iliyopaswa kumlinda Mganda ndo inamgeukia. Tarehe 16 akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, serikali ikatangaza wamekufa kwa ajali ya gari, lakini mwili wa Luwum ulikuwa na matundu ya risasi.

Hapo wa upande wa pili atasema si umeona, kaongea kauawa, na Amin mwenyewe hakuondolewa na barua, aliondolewa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Hoja hii siidharau, kiongozi wa kanisa akifungua mdomo anaweza kuwaponza na waumini wake. Lakini jamani, fikiria mama ambaye mumewe kachukuliwa usiku hajarudi, halafu kanisa lake liko kimya, ataelewaje kama sio kwamba hata Mungu yuko upande wa wauaji? Barua ile haikumng'oa Amin ila ilimwambia huyo mama kwamba alichotendewa ni uovu.

Tena tusije tukageuza kifo cha Luwum kuwa kipimo cha imani ya kila mtu. Askofu Festo Kivengere alikuwa mmoja wa maaskofu wa ile barua, naye alikimbia na mkewe usiku kwa kupanda milima mpaka Rwanda, nani atasema hakumtumaini Mungu wakati Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine?

Baadaye Kivengere aliandika kitabu kwamba anampenda Idi Amin, yaani kamsamehe. Ni kitu kikubwa sana na kinanigusa, ila alikuwa na haki ya kukisema kwa sababu aliyeumizwa ni yeye. Shida ni pale mchungaji ambaye hajafiwa na mtu anapomnukulia mjane maneno hayo wiki ya kwanza ya msiba ili anyamaze. Mjane huyo aachwe amuulize Mungu "hata lini" kama Zaburi ya 13, na kama kuna kesi ya kufungua, kanisa limsindikize akaifungue.