Meza imepambwa, sasa pilau ikae wapi?

Jamani sisi wa biashara ya dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, tuna balaa letu, mbalamwezi. Dagaa anafuatwa usiku kwa taa, sasa mwezi ukiwaka ziwa zima taa yako inamshtua nani? Mitumbwi inavutwa nchi kavu, na mie narudi zangu nyumbani mtaa wa Mwanga nakaa kibarazani na bukta. Mwanamke akikuona umekaa tu na sikukuu hiyo inakuja, umekwisha. "Baba watoto, hebu njoo unikunjie hivi."

Hivi vyenyewe ni vitambaa. Sio vya kutandika mezani, vile vidogo vya kufutia mdomo. Kaona kwenye simu watu wamevikunja vikatoka miti ya Krismasi, ya kijani, kila sahani na mti wake, na bando lililotumika kuangalia hiyo miti ni la nani tusiulizane.

Nikamwambia si tununue tishu tu yaishe. Zikaja. Sasa tishu za dukani kwetu, Desemba hii, mvua na unyevu wa ziwa, unakunja mara ya pili ishachanika. Alikuwepo Mjapani mmoja, Akira Yoshizawa, bingwa kweli, yeye karatasi alikuwa anailowanisha makusudi ndo anaikunja, lakini karatasi yake nzito bana, yetu hii ukiigusa na jasho unabaki na uji mkononi. Basi mama watoto akashona vitambaa vya pamba, akapika wanga wa muhogo akavitumbukiza, akaanika, akapiga pasi ya mkaa, vikakakamaa kama kola ya katekista. Muhogo ule ungetoa ugali wa mtu mzima akashiba lakini mie nani.

Haya, kukunja. Unakunja kiwe mraba, zile ncha nne zilizo wazi zikuangalie wewe. Ya kwanza unaipandisha juu, ya pili unaipandisha ila unaiacha nyuma kidogo, inayofuata nyuma kidogo tena, mpaka inakuwa ngazi. Unageuza kifudifudi, unaleta mbavu za kulia na kushoto katikati, unageuza tena, halafu kila ncha unaikunja kwenda juu unaichomeka chini ya mwenzake na hapa ndo pana kesi, maana vidole vyangu hivi vimezoea kushona midomo ya magunia, unachomeka hii ile ya juu inachomoka, unaishika ile wanga unavunjika, na kabinti ka darasa la tano kamekaa pembeni na miguu juu ya kochi, "baba huo wako umelala". Mtoto anakula kwangu huyo!

Na yeye ana yake, nyota za karatasi. Anachana A4 vipande vyembamba vya sentimita moja, anachukua vinne, kila kimoja anakikunja katikati, anavisuka kimoja kinaingia mdomoni kwa mwenzake, anapindapinda pale mpaka inatoka nyota ya ncha 16. Kumbe ni ya Wajerumani, imepewa jina la Friedrich Fröbel, yule aliyeanzisha mambo ya chekechea. Sasa Mjerumani huyuhuyu reli yake ilifika hapa Kigoma 1914, stesheni akatuachia, sie tukajua tumemalizana, kumbe kabakiza nyota, na rimu ya karatasi niliyoweka ya shule Januari ndo inaliwa hivyo.

Tuje kwenye meza. Ni ya TV. TV imehamia chumbani imelala kitandani mie nikalala pembeni yake. Hiyo meza wanne wakikaa wanagongana magoti, na mama mkwe anashuka toka Kasulu na ukoo, kuna sinia la pilau, kuna samaki kuhe, kuna bakuli la samaki migebuka wa mawese. Nikauliza kistaarabu, miti hiyo, nyota hizo, pilau ikae wapi? Mkekani. Na watu? Mkekani. Na mezani atakaa nani?

"Meza ni ya picha."

Basi Krismasi tukala chini na meza imesimama peke yake imependeza. Mie mkwe niko zangu upande wa wanaume lakini macho nimeyatuma kule. Mama mkwe mawese yamemfika kwenye kiwiko, anageuka huku na huku, akauona mti, akanyoosha mkono, na mama watoto akatoka mbio na chano, "Mama huo wa kuangalia tu!" Bibi wa watu akajifuta kwenye khanga kimya, na mtoto akatumwa akalete toileti pepa.

Kuondoka, kasafisha meza yote. Miti yote ndani ya mkoba, eti vitambaa vigumu hivi ndo vinavyomfaa kufunikia maziwa, na hakuna aliyefungua mdomo maana ni mama mkwe. Nikajua nimepona.

Leo nimeamka nasikia harufu ya wanga jikoni. Kwamba Mwaka Mpya wanakunjwa bata.